Shubiri ya Anatolia

Mwaka mmoja umetimia, Anatolia, tangu asubuhi ile ya tarehe 14 Julai ulipotuacha, baada ya kuugua siku tisa tu. Kahawa ilikuwa imeanikwa uani. Hata waliokuja kukulilia waliinama wakipita wakaigeuza, kwa sababu walijua ungeuliza kama imegeuzwa.

Ulikuwa mtu wa kuuliza. Ulitaka kujua kwa nini tope la bondeni hugeuza ukindu kuwa mweusi na la barabarani haligeuzi. Ulichemsha maganda ya vitunguu, ukachemsha mbegu za parachichi na makapi ya kahawa, na siku moja ukachemsha kitambaa cha kichwa cha mama yako ili uone kitashika rangi gani. Kilishika. Mama yako alikivaa kanisani Jumapili mbili, kisha akakuomba usimuulize tena kama anakipenda.

Kazi yako ilikuwa cherehani. Sare za shule ulizikunja pindo pana bila kuambiwa, ili mtoto akirefuka mzazi ashushe tu, asirudi kununua nyingine. Hukusimama mbele ya ubao hata siku moja, lakini watu wa Kituntu, Nyabiyonza na hadi Kyerwa walikuita Mwalimu. Ilianza na mama mmoja aliyekupigia simu umwelekeze namna ya kuanza kikapu. Ukaona maneno hayatoshi. Ukaegemeza simu kwenye bakuli la maharage, ukarekodi mikono yako ikizungusha nyasi na kuzishona kwa ukindu, ukamtumia. Yeye akawatumia wenzake. Mwisho wakawa wanawake arobaini katika kundi moja la WhatsApp, na masomo kumi na moja, hatua kwa hatua.

Uso wako haumo katika masomo hayo. Ulisema uso haushoni. Imo mikono, imo sauti: "Hatua ya kwanza, nawa mikono. Hatua ya pili, kaa vizuri, mgongo wako utauhitaji kesho." Katika somo la tatu kuku anapita juu ya ukindu, na jirani yako Salvina anasikika akikuchokoza kutoka kwenye ua.

"Anatolia! Unaongea na nani peke yako?"

"Na watu wa Kyerwa."

"Wanakujibu?"

"Watajibu wakimaliza mzunguko wa pili. Pita huku basi, unafunika mwanga."

Na kila somo ulilimaliza kwa maneno yaleyale: "Ukikosea, usifumue kabla hujajua kwa nini. Na kikapu kikikataa, niambie. Nataka kujua kimekataaje."

Tunakuandikia leo kwa sababu ya maneno hayo.

Unakumbuka ulivyomwahidi binti yako Kemigisha. Kwetu mgeni hukaribishwa kwa kahawa ya kutafuna, ile iliyochemshwa na kukaushwa, na huletwa katika akaibo, kikapu kidogo chenye kifuniko, ambacho hufunuliwa mbele yake. Ulisema siku ya wageni wa Kemigisha kahawa itatoka kwenye kikapu cha mkono wako. Kemigisha alikuwa anafanya kazi kwenye duka la dawa Kayanga, akirudi jioni amechoka, na kila ulipomwita aje ajifunze alijibu, "Kesho, mama." Wewe hukumlazimisha. Ulimwekea chakula, ukaendelea kushona.

Mwaka huu wageni walitoa taarifa kwamba wangekuja kutoka Muleba mwishoni mwa Mei, kuleta posa. Kemigisha akatafuta kikapu chako ndani ya nyumba nzima, hakuona hata kimoja. Vyote ulikuwa umevigawa. Baba yake akasema vinauzwa sokoni, anunue. Akakataa.

"Kama hakuna alichoshona mama," alisema, "kitakuwepo alichonifundisha."

Akakaa pale pale ulipokuwa ukikaa, akaegemeza simu kwenye bakuli la maharage, akaanza somo la kwanza. Akanawa mikono. Akakaa vizuri. Alipokuwa akisikia sauti yako alikuwa akiitikia "ndiyo, mama," kwa sauti, na sisi tulijifanya hatusikii.

Kikapu cha kwanza kilimchukua wiki mbili. Somo la tano alilifuata neno kwa neno: mdomo wa kikapu uwe shubiri moja, dole gumba mpaka kidole kidogo. Somo la saba nalo akalifuata: kifuniko kipimwe kwa kisosi cha chai. Alipomaliza akakiweka kifuniko juu ya kikapu, na kifuniko kikazama ndani mpaka chini.

Salvina alikuwepo.

"Kemigisha mwanangu," alisema, "kifuniko chako kimekwenda kutafuta kahawa chini."

Kemigisha hakucheka. Alidhani ameshona kwa kulegeza, kwa hiyo kikapu cha pili akakaza mpaka vidole vikavimba. Kifuniko kikazama. Cha tatu akaloweka ukindu usiku mzima, akidhani ulisinyaa baada ya kukauka. Kikazama. Hakufumua hata kimoja, maana ulikataza. Alivipanga dirishani vyote vitatu.

"Sasa una mabakuli matatu," Salvina alimwambia.

"Mama Salvina, wewe ulijifunza kwake. Chako kilikaaje?"

Salvina akafikiri. "Mimi sikupima. Yeye ndiye aliyenipimia. Alikuwa akija, anaweka mkono wake juu ya kikapu changu, anasema hapa, acha hapa."

Kemigisha akatazama mikono yake mwenyewe. Alituambia baadaye kwamba siku hiyo aliona kuwa yeye ndiye mwanafunzi pekee uliyemzaa, na ndiye pekee aliyeshindwa. Zilikuwa zimebaki siku kumi na tisa wageni wafike.

Jioni akaandika kwenye kundi lako: "Shikamooni wakubwa, habari zenu dada zangu. Kuna aliyefuata somo la tano na la saba, kifuniko kikakaa?"

Siku nzima ikapita bila jibu, na kundi lile, mwenyewe unalijua, huwa halinyamazi hata mtu akituma picha ya mbuzi. Kesho yake ikaingia simu ya Uwiduhaye, yule wa Kyerwa ambaye hukuwahi kuonana naye, uliyemtumia furushi la ukindu kwa basi bonde lao lilipokauka.

"Dada, nikwambie ukweli?" alisema. "Changu kilizama."

"Chako pia?"

"Tangu mwaka juzi. Naweka karanga tu humo. Nilidhani ni mkono wangu mbaya. Halafu mtu amekutumia ukindu wake mwenyewe, wewe umwambie kipimo chako hakikai? Niliandika tu, kimetoka vizuri Mwalimu, ahsante."

Baada yake wakaanza kuandika wengine, mmoja mmoja, kama watu wanaotoka mvuani. Prudensia wa Nyabiyonza, kilizama. Edith wa Kituntu, kilizama, anawekea vifungo. Tulihesabu kumi na wanne. Wote walikuwa wamekwambia kimetoka vizuri.

Tulicheka, Anatolia, kisha tukalikumbuka lile neno lako la mwisho wa kila somo. Ulikuwa umewaomba wakwambie. Heshima waliyokuwa nayo kwako ndiyo iliyowafunga midomo.

Jioni hiyo Uwiduhaye akapiga tena, alikuwa bado na neno. "Naomba kuuliza, na msinione sina adabu," alisema. "Nimelirudia somo la tano leo asubuhi, polepole. Pale Mwalimu anapopima. Kile kidole chake kidogo, mbona hakinyooki?"

Kemigisha alikuwa ameweka simu kwa sauti ya juu. Mama yako alikuwa kando yake akimenya maharage. Akaacha kumenya.

Miaka arobaini na minane mama yako aliutazama mkono wako ule wa kushoto. Tangu ulipokuwa na miaka sita, siku uliyochukua panga kumkatia ndama mgomba bila kutumwa. Alikufunga mkono kwa khanga, akakubeba mgongoni mpaka zahanati, akilia njia nzima, na wewe uliyeumia ukawa unamuuliza, "Mama, kwa nini damu inatoka ikiwa ya moto?" Kidole kikapona kikiwa kimejikunja kuelekea kiganjani, na hakikunyooka tena. Ukaoshea vyombo mkono huo, ukashonea, ukatubebea watoto. Tukauzoea mpaka hakuna aliyekuwa akikiona kile kidole. Wewe mwenyewe hukukiona. Ulisema shubiri moja, ukaonyesha shubiri yako, nasi sote tukaitazama kwenye simu tusione kitu, mpaka alipouliza mtu ambaye hakuwahi kuushika mkono huo.

"Leta kisosi," mama yako alisema.

Kemigisha akaleta. Akatandaza mkono wake juu yake. Dole gumba liligusa ukingo mmoja, na kidole kidogo kikapita ukingo wa pili, kikaenda mbali, upana wa vidole vitatu.

Ndipo mama yako alipouchukua mkono wa mjukuu wake. Akakishika kile kidole kidogo, akakikunja taratibu, kidogo, na kidogo tena, kama alivyokikumbuka. Akauweka mkono juu ya kisosi.

Ulilingana. Ukingo kwa ukingo.

Uwiduhaye alikuwa bado kwenye simu akiuliza, "Imekuwaje? Jamani, imekuwaje?" Kemigisha aliendelea kuukazia macho mkono wake uliokunjwa, kwa sababu ulikuwa mkono wako.

Kikapu cha nne alikishona kwa siku kumi na sita, kidole amekikunja kila alipopima. Salvina alikuja kila jioni kushika taa na kumsumbua. Usiku kabla ya wageni kufika, Kemigisha alikiweka kifuniko juu ya kikapu, akaondoa mkono, akangoja. Kilikaa. Akakigeuza kikapu juu chini. Kilikaa.

Wageni walipofika alikipitisha mbele yao akiwa amepiga magoti. Mzee wao akakifunua, akachukua punje mbili za kahawa, akakifunga tena, kisha akakifunua mara ya pili bila kuchukua kitu, asikie tu kinavyofunga. Akauliza, "Huyu fundi ni nani?"

"Ni mama," Kemigisha alijibu.

"Kasinge waitu," mzee alishukuru kwa Kihaya. "Basi mwiteni nimsalimie."

Mume wako Nolasco ndiye aliyemweleza. Mzee akavua kofia, akakishika kikapu kwa mikono miwili, akakisalimia.

Kwa hiyo, Anatolia, jibu lako ni hili. Kilikataa. Kilikataa kwa wanafunzi wako kumi na wanne na kwa binti yako mara tatu, na sasa tunajua kimekataaje. Nanyi mnaosoma hapa mkiwa na vikapu vya karanga na vya vifungo, msivifumue. Shoneni kimoja kingine, na katika somo la tano kunjeni kidole kidogo mpaka shubiri ilingane na kisosi. Kemigisha ameongeza somo la kumi na mbili kwa ajili hiyo. Linaanza kwa kunawa mikono.

Vile vikapu vitatu bado vipo dirishani. Mama yako anaweka humo ukindu.

Unakumbukwa na mume wako Nolasco. Mama yako Adventina. Watoto wako Kemigisha na Elpidius. Kaka yako Melkiory. Jirani yako Salvina, ambaye amesema asipoandikwa hatatuletea tena maziwa. Na wanafunzi wako wote wa Karagwe na Kyerwa. Misa ya kukuombea itasomwa Jumapili asubuhi, na baada yake mnakaribishwa nyumbani Bugene kwa kahawa.

Hatutakusahau siku zote za maisha yetu, Mwalimu. Na tukikosea, tutakwambia.