Matuta Yangu na Korongo wa Bondeni

Msamala, Songea

Mdogo wangu Oliva,

Nakusalimu wewe na shemeji hapo Lusewa. Sisi ni wazima, mvua zimetosha.

Aidan wangu ndiye anayetembeza wageni kule bondeni, chini ya milima ya Matogoro. Darubini shingoni, kila ndege anamtaja kwa jina, na Wazungu wanamwita Bwana Aidan. Hapa Msamala hakuna mama mwingine mwenye mtoto wa namna hiyo, na kanisani wote nimeshawaambia.

Korongo wenye taji wamerudi kutaga kwenye matete, karibu na matuta yangu ya mboga, yale yaliyomsomesha. Juzi kwenye mkutano wa mtaa Aidan alisimama akasema bustani za bondeni ziachwe, ndege wasije wakahama. Mama Dorine akamchokoza, "Na ya mama yako je?"

Akajibu bila kunitazama, "Tunaanza na hiyo."

Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga, kuwashinda wote.

Jioni alikuja kula. Nikampakulia ugali na chainizi niliyong'oa siku hiyo. Akasema, "Mama, mboga yako haina mfano." Nikamwongezea.

Mdogo wangu, ninyi bado mnalima kando ya mto. Niombee kwa shemeji matuta mawili matatu, nije nikae huko kiangazi chote, maana hapa sina tena pa kushika jembe. Aidan akikupigia simu, mwambie wewe ndiye uliyeniita.

Dada yako,
Walburga, mama wa Bwana Aidan