Wanataka Kuivuta Kama Mzoga

Mama, jana wamekata injini ingine iwe chuma chakavu na leo asubuhi foromani, msimamizi wetu, amekuja na chokaa akachora alama kwa yetu. Yangu na Mzee Okelo, dereva wangu. Ni hasira ndiyo imefanya nisianze na salamu. Salaam aleikum, Mama. Mimi ni mzima. Mgongo yako aje? Mvua imefika huko Isiolo ama bado mnaangalia mawingu tu?

Hizi injini ndogo za mvuke, Mzee Okelo alikuwa kijana kama mimi zikishushwa kutoka kwa meli, nyeusi, mpya, tangi ya maji kwa mbavu. Hazikuletwa kwenda safari. Kazi yao ni hapa stesheni Nairobi, kupanga mabehewa, sukuma hii, vuta ile, mchana na usiku. Gari moshi ya Kampala ikitoka watu wanaipungia mkono. Zetu hakuna mtu alizipungia. Na hapa kila injini iko na watu wake. Yetu hakuna mwingine anagusa. Mimi ndiye nawasha moto wa mafuta, narusha mchanga ndani ya tanuru itoe masizi, nasugua shaba mpaka Mzee ananyoa ndevu akijiangalia hapo.

Sasa injini za dizeli zimekuja. Sawa, zije. Lakini foromani anasema dizeli ndiyo itavuta yetu mpaka mahali ya kukatia.

Mzee akamwambia, "Bwana, hii ni nzima. Itaenda na miguu yake."

"Mafuta sitoi. Ya kufa inakunywa mafuta ya nini?"

Wale wa dizeli wakacheka. Foromani akanigeukia. "Na wewe mchunga mbuzi, unalilia chuma?"

Unanijua, Mama, mdomo yangu ni nzito. Lakini ilitoka: "Tutachoma mataruma." Ni zile mbao za zamani za chini ya reli, ziko nyuma hapa zinaliwa na mchwa.

"Haya. Mpaka saa sita. Isipotembea, tunaiburuta."

Salimia mjomba akirudi na ng'ombe kutoka Biliqo, na dada yangu wa duka. Huyu mdogo anayekusomea mwambie nimeacha matusi nje kwa sababu yake. Yalikuwa mengi.

Naacha hapa. Mzee amepasua mbao, ananiita. Maji bado ni baridi kwa tangi, na mbao haina joto kama mafuta. Nisipowasha sasa, dizeli itaivuta.

Mtoto wako,
Guyo