Mama mkwe kalala hemani

Mwenzangu, nimejifungia chooni kwa mama mkwe na sitoki. Sitoki!

Si unaijua safari yetu ya kupiga kambi? Jana tukapita kumsalimia. Baba watoto akagoma kulala ndani, akasimamisha hema uani: "Mama, tumekuja kupiga kambi." Mama naye akasema mgeni wake halali nje, majirani watasema nini? Wakabishana weee, mtoto king'ang'anizi, mama ndiyo kabisa.

Unajua walivyopatana? MAMA akalala hemani. Sisi kitandani kwake. Na mimi nikakubali, eti nimechoka na gari!

Asubuhi nafungua mlango, nimevaa ndala zake, nakuta majirani watano uani. Zipu ya hema ikafunguka, akatoka mama mkwe, mswaki mdomoni, nywele timutimu.

Jirani mmoja akanigeukia: "Mkwe, mmemtoa mama kwenye nyumba yake?"

Nikamkazia mama macho anitetee. Akatema povu, akasema, "Waacheni jamani, nimelala vizuri. Ila chai ndiyo sijaletewa."

SIJALETEWA! Na mimi ndiyo kwanza nilikuwa naenda jikoni!

Hapa nilipo nawasikia wanamchangia sukari.