Kola Mia Mbili

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti linasemaje? Na baba, bado anaweka miwani kichwani kisha anaitafuta kwa makelele nyumba nzima? Mimi mwili ni mzima, ila maji yamenifika shingoni.

Mafundi wako watanitia wazimu. Tangu uniachie funguo za karakana nimeweka utaratibu: saa mbili kamili kengele, kila mtu na kazi yake kwenye karatasi, chini sahihi yangu. Meza yako nimeihamishia kile chumba cha kioo ili niwaone wote. Hakuna anayechelewa wala anayebisha. Lakini nikitokeza tu, gumzo linakatika.

Wiki iliyopita tulimaliza mashati mia mbili ya shule. Yalipofika kwenye pasi ndipo ikajulikana kwamba kola zote ni fupi, hazifungi shingoni. Nikawauliza kama hawakuona. Mshona vifungo akanijibu kwa adabu zote kwamba waliona tangu shati la kwanza, ila mimi ndiye niliyewaambia kazi yao ni kushona, si kuuliza. Nilipandwa na hasira. Watu wazima, mama, wanaliona shimo na wananiacha nitumbukie!

Nikamfukuza mkata vitambaa, yule uliyeanza naye kazi. Alikunja futi yake ya kupimia akaiweka mfukoni, akaondoka.

Sasa nikwambie nililoficha. Vipimo vile vya kola niliviandika mimi. Yeye alikata kama karatasi ilivyosema. Tena kabla ya kukata alikuja kunigongea kioo, nami nikamwashiria kwa kidole arudi mezani kwake. Karatasi yenyewe nimeichana.

Jana nilimfuata kwake. Nilijieleza weee. Mwisho akasema, "Mama yako alikuwa anakosea mbele yetu. Tunafumua pamoja, tunashona upya."

Amekubali kurudi Jumatatu. Kabla hajashika mkasi nitasimama katikati ya vyerehani niseme kosa ni la nani. Naogopa, mama. Uliniachia funguo, nami nikadhani umeniachia na watu.

Msalimie baba, mwambie miwani iko kichwani. Niombee. Leo karakana imefungwa, niko peke yangu na mafurushi ya mashati. Kola ya kwanza nimeifumua mwenyewe, na nimeitoboa.

Binti yako,
mwenye funguo