Jiwe la Vilivo

Mumbuni, Jumatano jioni

Uniwie radhi, daftari. Tangu tumzike mwanangu Filipo sijaandika neno, wala sikuwa na la kuandika.

Leo fundi wa mawe kutoka mji wa Kola ameleta jiwe la kaburi. Amechonga VILIVO. Herufi zimenyooka, jina limepinda.

"Mwalimu, mimi niliandika vile mama alinitamkia kwa simu," alisema.

Mke wangu hakuomba msamaha. "Baba Vilivo, kwani mtoto wangu aliitwa nani?"

Ulimi wetu wa Kikamba hulitamka hivyo. Nimeusahihisha darasani maisha yangu yote, na nyumbani pia. Jina nililichagua mimi. Filipo wa Makedonia alikuwa mfalme, babake Aleksanda. Filipo wa Matendo ya Mitume alikimbia kando ya gari la Mwethiopia, akamfafanulia Maandiko. Kwa Kigiriki ni mpenda farasi. Wangu alipenda punda wa jirani, basi.

Fundi anaweza kulisugua jiwe na kuchonga upya, lakini anataka jibu kabla ya Jumamosi, siku ya kulisimika. Mke wangu amesema nikilifuta jina hilo, yeye hatafika kaburini.

Mama yake alipoita "Vilivo!", mtoto alikuja mbio. Mimi nilipoita "Filipo!", alisimama wima, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyekosa.

Usahihi wangu hautamrudisha. Kosa la mama yake na fundi pia halitamrudisha. Nikishaamua, nitaandika hapa ni jina lipi tumemwachia.