Wiki Tatu za Kufuga Maji

Mjukuu wangu Akoth,

Sisi ni wazima, na shangazi yako amejifungua msichana. Unauliza kama usugue mawe ya tangi lako la samaki wa baharini, kwa kuwa yameota uchafu.

Miaka ya tisini, hapa mtaani Mbotela, marehemu babu yako alileta mawe na maji ya bahari kutoka Mombasa, akavitia kwenye tangi la kioo. Wiki tatu zikapita bila samaki. Jirani yetu Mama Wanjiru akacheka: "Kumbe mnafuga maji!" Kwa aibu nikashika brashi na sabuni niyasugue mawe.

Babu akanizuia. "Utaua vilivyomo. Nipe mpaka Jumapili."

Jumapili, kaa mdogo kama punje ya mchele akachungulia kutoka jiweni. Babu yako alicheza chumba kizima. Mama Wanjiru aliinama kwenye kioo mpaka ugali wake ukaungua.

Niandikie ukiona chochote kikitembea.

Nyanya yako