Papi ya Tatu, Makame

Makame, mzee wa vituko,

Wewe umelala zako, mimi huku Guangzhou umeniachia balaa. Nimekasirika, na wa kumgombeza ni wewe, ingawa hujibu. Hata ulipokuwa hai hukuwa ukijibu.

Nyumba yako ya Kijapani bado haijaisha. Kuta zimesimama Makunduchi, zinangoja milango. Na Hemedi mwanao kanipigia tena: "Ami, watu watasema baba kafia China kaacha kibanda! Milango ikija na kasoro, nabomoa, najenga ya vioo." Mtoto huyu ulimlea au ulimwokota?

Unakumbuka siku ya maonyesho ya ujenzi? Kijumba kile cha Kijapani, udongo mlangoni, ndani pameinuliwa pametandikwa mikeka, baraza imezunguka nje. Ukavua viatu hujaambiwa. "Nyumba ya bibi yangu hii! Wameitia umeme tu." Nikakwambia ni banda la kuku lililosoma. Ulininunia njia nzima mpaka Xiaobei, mtaani kwetu.

Halafu ukajitia useremala. Mle mle chumbani mwetu ukaunda sampuli ya mlango wa kusukuma kando, wa papi, zile mbao nyembamba nyembamba. Ya tatu ukaipigilia upogo, huku unacheka mpaka kofia ikaanguka. Ah, Makame.

Basi sikia. Sampuli niliipeleka karakana, kama ulivyousia. Leo nakwenda kukagua: milango yote, papi ya tatu imekwenda upogo! Watu hawa ukiwapa sampuli wanaiga mpaka tundu la msumari. Nilifoka kwa Kichina changu kibovu, nikamalizia kwa matusi ya bandarini. Laoban, mwenye karakana, akanyoosha kidole kwenye sampuli yako: si ndiyo hii? Ndiyo hiyo.

Kontena linafungwa kesho. Laoban, muungwana, akasema atazing'oa papi hizo azinyooshe. Kashika nyundo, kauendea mlango wa kwanza. Mdomo wangu ukaropoka wenyewe: "Buyao! Buyao! Sitaki!" Akanitazama kama nimerukwa na akili. Huenda.

Ule upogo ni mkono wako, mjinga wewe. Kipi kingine umeniachia?

Milango nimeipakia vilevile. Hemedi atanuna; kununa karithi kwako. Lakini nakuahidi: nitafika kabla ya nyundo yake, nitakaa kwenye baraza yako na miguu yangu ya matope. Akitaka kubomoa, abomoe na mimi nimekaa.

Mungu akulaze pema, seremala wa uongo. Na huko usiguse mlango wa mtu.

Mwenzio,
Shaha